Jenerali Dumas na mshahara aliodai

Ndugu zangu, wengi mkisikia jina Dumas mnamkumbuka mwandishi wa riwaya. Mimi leo nimekuja na habari za baba yake, Thomas-Alexandre.

Alizaliwa mwaka 1762 Jérémie, katika koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Mama yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa. Baba alikuwa mwinyi kutoka Normandie, na alipokosa nauli ya kurudi kwao alimweka mwanawe rehani. Hebu fikirini: mtoto wa kumzaa, rehani kama bangili! Baadaye alimkomboa, na mwaka 1776 kijana akafika Ufaransa.

Mwaka 1786 alijiandikisha jeshini, askari wa farasi asiye na cheo. Akachukua jina la mama, Dumas, kwani baba hakutaka jina la ukoo lishushwe hadhi na cheo kile. Miaka mitatu baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yakazuka, na jeshi likahitaji watu wanaojua kupigana, si wenye nasaba tu. Kufikia Septemba 1793 Dumas alikuwa jenerali wa divisheni. Mwaka 1794 aliongoza Jeshi la Alps, na vijana wake wakapanda kwenye theluji wakaiteka njia ya mlimani ya Mont Cenis. Machi 1797, huko Klausen, alisimama darajani karibu peke yake akawazuia wapanda farasi wa Austria. Hapo mimi husita kila ninaposimulia.

Misri, mwaka 1798, alikuwa mkuu wa wapanda farasi. Alikosana na Napoleon Bonaparte, kamanda wa jeshi la Ufaransa huko, kwa kuhoji, mbele ya majenerali wenzake, vita vile vilikuwa na maana gani. Akaondoka mwaka 1799 kwa chombo kibovu kilichovuja hadi kikalazimika kutia nanga Taranto, katika ufalme wa Napoli, uliokuwa adui wa Ufaransa. Alikaa kifungoni karibu miaka miwili. Alitoka sikio moja halisikii, jicho moja halioni vizuri.

Akarudi Ufaransa, mji wa Villers-Cotterêts, kwa mkewe, akaanza kuandika barua kudai malimbikizo ya mshahara wake wa siku za kifungo. Bonaparte, sasa mtawala wa Ufaransa, hakumlipa. Mwaka 1802 huyohuyo Bonaparte akarudisha utumwa makoloni. Dumas alifariki Februari 1806, mwanawe hajatimiza miaka minne. Mjane wake, Marie-Louise, aliomba pensheni ya mke wa jenerali. Alinyimwa.