Turbo haina kosa, pimeni waya kwanza

Mwangaluka wadogo zangu. Mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana nitasema yaleyale, na nitayasema mpaka siku mtakapoacha kuuzia watu turbo, zile feni za kuisukumia injini hewa, wasizozihitaji.

Kuna mama mmoja anafanya biashara ya asali, anatoka nayo Sikonge kuja hapa Tabora mjini. Pikapu yake ya dizeli, yenye turbo inayoongozwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa kwenye kimpira, ikaanza kuwa nzito, ikipakia ndoo kidogo tu haivuti, moshi mweusi nyuma, mpaka bajaji inampita na dereva anampungia mkono. Akaenda gereji moja wakachomeka mashine ya kusomea makosa, ikatoa kodi P0299. (Kodi ya gari jamani, sio ya TRA, msianze kukimbia.) Fundi akasoma pale "presha ya turbo iko chini" akasema basi, turbo imekufa. Mama akauza asali, akanunua turbo ya mtumba, ikafungwa, siku ya tatu gari ikarudi vilevile. Wakabadilisha na solenoidi ya vakyumu, kile kivalvu cha umeme kinachopeleka vakyumu kwenye turbo, vilevile. Ndo akaletwa kwangu, na mama wa watu haongei shilingi tena, anahesabu hasara kwa ndoo za asali.

Nikapima solenoidi, omu 14, nzima. Nikachomoa plagi yake ya waya, swichi on, multimita, kile kipima umeme, inasoma volti 12 na pointi. Hapa ndo mafundi wengi mnapofungasha vifaa. "Umeme upo, waya mzima." Nani kakwambia? Chukua mpira wa maji uliokunjika, ziba mdomo kwa kidole, utasikia maji yanasukuma kidole vizuri tu, sasa toa kidole uone kama ndoo itajaa leo. Multimita ni hicho kidole, yenyewe haili umeme, hata waya uliobaki na uzi mmoja itakuonyesha 12 na wewe utafurahi!

Mimi nikachukua balbu ya indiketa, ile ya wati 21, nikaifunga kati ya waya wa chanya wa ile plagi na ethi ya betri, yaani hasi. Balbu ikawaka nyekundu kama jicho la mtu aliyekesha msibani. Multimita sasa hivi inasema 7. Betri ina 12, balbu inapata 7, hizo 5 zimeenda wapi? Zimeliwa njiani. Nikaufuata waya mpaka chini ya betri, panya alishautafuna, maji ya betri yakamalizia, ndani kijani tupu. Nikakata kipande kibovu, nikaunga kwa risasi, nikavalisha mpira. Solenoidi ikapata nguvu ya kuvuta, vakyumu ikafika kwenye turbo, gari ikaondoka. Na turbo ya zamani, iliyotupwa kwenye kona ya ile gereji, ilikuwa haina tatizo lolote.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, mzee, mashine yangu ni ya bei mbaya, ingesema kama ni waya. Isingesema bwana mdogo! Waya ukikatika kabisa ndo kontroli boksi, kompyuta ya injini, inalalamika, inakuletea P0045 au jamaa zake wa P0243. Huu haujakatika, umedhoofika, kwa hiyo boksi inaona mzunguko upo, inaagiza presha, presha haiji, inakuandikia P0299. Hiyo ni kodi ya matokeo, inakwambia mgonjwa ana homa, sasa wewe unampa dawa ya malaria bila kumpima. Inaweza kuwa waya, inaweza kuwa hosi ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo, imepasuka, na ndiyo, siku nyingine inaweza kuwa turbo yenyewe.

Ila naomba, balbu ya wati 21 ni ya upande wa kulisha umeme tu. Ukiipachika kwenye waya unaotoka kwenye boksi utaunguza boksi, na mimi sitakuwepo.

Lingine la haraka. Sensa ya presha, kile kifaa kinachoipimia boksi presha ya hewa. Swichi on, injini imezimwa, inatakiwa isome hewa ya nje. Kuna kijana alisoma kilopaskali 88 akaenda kununua sensa mpya kwa sababu kitabu kimeandika 101. Ndugu yangu, 101 ni ya Dar, baharini. Sisi hapa tuko kama mita 1,200 juu, 88 ndo yetu hiyo. Ukishuka Kigoma ziwani utapata kama 92. Sensa mpya nayo ikasoma 88, akasema feki.

Halafu kuna zile volti 5 ambazo boksi inagawia sensa kadhaa kwa pamoja. Zikishuka usilaumu boksi, chomoa sensa moja moja huku unaangalia multimita, ikirudi 5 umempata mwizi wako. Na ethi ya sensa nayo ipimwe, hiyo... naona naonyeshwa saa. Turbo za mota ya umeme zitabidi zisubiri siku nyingine, zile zina mambo yake.

Haya, sogezeni ile pikapu hapa kivulini chini ya mwembe, nani ameshika balbu yangu?