Menyu Nne za Zenmap: Kuchora Ramani ya Mtandao na Kuitunza

Mhadhara kwa mafundi wa mitandao na wanafunzi wa TEHAMA, Nyegezi, Mwanza

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu, habari za mchana.

Wengi wetu tukifungua Zenmap, programu ya kuchunguza vifaa vilivyo kwenye mtandao, tunaona vitu viwili tu: nafasi ya kuandika anwani na kitufe cha Scan. Unaandika, unabofya, unasubiri, unatazama miduara ya rangi, unafunga. Wiki ijayo mtandao ukisumbua unaanza upya, kana kwamba hujawahi kuupima. Leo tushughulike na ule mstari wa juu tunaouruka: Scan, Tools, Profile, Help. Majina nitayataja kama yalivyo kwenye skrini, ili ukirudi kazini usitafute neno ambalo halipo. Kuskani ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni kuyatunza matokeo na kuyalinganisha, na zana za kazi hiyo zimo ndani ya menyu hizo.

Kidogo kuhusu chombo chenyewe. Zenmap ni sura ya picha ya Nmap, programu ambayo Gordon Lyon, maarufu kwa jina la Fyodor, aliitoa Septemba 1997. Zenmap ilichipuka kutoka programu iitwayo Umit na ikaingia pamoja na Nmap 4.50 Desemba 2007. Kwa miaka kadhaa iliondolewa kwenye mifumo mingi ya Linux kwa sababu ilitegemea Python 2 iliyokwisha kustaafishwa, ikarejea 2023 katika toleo la 7.94 ikiwa na Python 3. Basi kama kwenye Linux yako haionekani, angalia toleo kabla ya kuhangaika na mengine.

Mambo mawili kabla ya kubofya chochote. La kwanza ni ruhusa, tena ya maandishi, kutoka kwa mwenye mtandao. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na fundi asiye na karatasi hana cha kujitetea. La pili ni mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Kwenye Linux, ukiifungua Zenmap kama mtumiaji wa kawaida, chaguo la kutambua mfumo endeshi, yaani -O, litakataa na skani itakatika palepale. Kwenye Windows hakikisha Npcap, programu ya kunasa na kutuma pakiti za mtandao, imesakinishwa.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kuchakata sangara upande wa Ilemela. Kuna kompyuta za ofisi, mizani iliyounganishwa na mtandao, printa za lebo, kamera za CCTV na vidhibiti vya joto vya vyumba vya baridi. Vyote viko kwenye 192.168.10.0/24, yaani anwani 254 zinazotumika.

Naanzia menyu ya Profile ingawa ni ya tatu, maana hapa ndipo watu huharibu. Zenmap ikifunguka, profaili, yaani seti ya chaguo zilizopangwa tayari, iliyochaguliwa ni Intense scan. Ukitazama kisanduku cha Command utaona imeandika nmap -T4 -A -v. Hiyo -A inaomba mambo manne kwa mpigo: mfumo endeshi, matoleo ya huduma, skripti, na njia ya kufikia kila kifaa. Kwenye seva mpya haina neno. Kwenye kidhibiti cha zamani cha chumba cha baridi, chenye kichakataji kidogo, inaweza kukigandisha, na hapo ndani kuna tani za minofu. Anza na Ping scan, ambayo ni -sn: inauliza tu nani yupo, haipimi poti, yaani milango ya huduma za kifaa. Kisha Quick scan, -T4 -F, inayopima poti 100 zinazotumika zaidi badala ya 1,000 za kawaida. Intense iache kwa vifaa unavyovijua kwamba vinahimili, kimoja kimoja.

Mtu wa printa ana haki ya kuuliza kama lebo zitaanza kujichapa zenyewe. Printa nyingi hupokea kazi kupitia poti 9100, na baadhi huchapa chochote kinachotumwa hapo. Nmap inalijua hilo, ndiyo maana inapotambua matoleo ya huduma huziacha poti 9100 hadi 9107 bila kuzichokoza. Ukiongeza --allports umeuondoa ulinzi huo kwa mkono wako, na roli nzima ya lebo inaweza kuishia sakafuni.

Sasa, ndani ya Profile kuna New Profile or Command, Ctrl+P, na Edit Selected Profile, Ctrl+E. Ya kwanza inachukua profaili uliyoichagua kama msingi na kukutengenezea mpya. Ya pili inabadilisha ileile iliyopo. Tafadhali tumieni ya kwanza. Fundi akiihariri Quick scan yenyewe na kuiongezea vitu, mwenzake wa zamu nyingine atabofya Quick scan akidhani ni ileile aliyozoea. Tengeneza yako, ipe jina linalojieleza, mfano “Kiwanda – kila Jumatatu”. Kihariri kina vichupo vya Scan, Ping, Scripting, Target, Source, Other na Timing. Ukipeleka kipanya juu ya chaguo lolote, upande wa kulia yanatokea maelezo yake. Yasome, ni mafupi na yameandikwa vizuri.

Kwa kiwanda chetu, amri ya kila wiki ingekuwa nmap -T3 -F --traceroute 192.168.10.0/24. T3 ni mwendo wa kawaida, na --traceroute hufuatilia rauta zilizo njiani hadi kwenye kifaa. Usiingize humo poti za UDP, ambazo ni aina nyingine kando ya zile za TCP tunazopima kwa kawaida. Linux, kwa mfano, huzuia majibu ya “poti imefungwa” yasizidi takriban moja kwa sekunde, kwa hiyo kupima poti zote 65,536 za UDP kwa kifaa kimoja huzidi saa 18. Hata poti 1,000 tu ni zaidi ya dakika 16. UDP ipangie siku yake na vifaa vyake.

Tuje kwenye menyu ya Scan. Neno la kushika hapa ni dirisha. Zenmap hujumlisha: skani zote unazofanya ndani ya dirisha moja huunganishwa kuwa orodha moja ya mtandao. Umefanya Ping scan, kisha Quick scan ya kamera, kisha Intense ya seva moja? Vyote vitaonekana pamoja, na kichupo cha Scans kitakuonyesha ni ipi na ipi. Hilo ni jambo zuri mpaka pale unapokwenda kwa mteja wa pili na kuendelea kwenye dirisha lilelile. Mitandao mingi inatumia 192.168.1.0/24, kwa hiyo rauta ya duka la Kirumba na rauta ya zahanati ya Igoma zitakutana kwenye anwani moja, na ramani itakuwa ya mahali pasipokuwepo duniani. Mteja mpya, New Window, Ctrl+N. Ukishachanganya bado hujapotea: nenda Scans, chagua isiyohusika, bofya Remove Scan.

Tofauti hiyohiyo iko kwenye kufungua faili. Open Scan, Ctrl+O, hulifungua kwenye dirisha lake. Open Scan in This Window hulimwaga juu ya yaliyopo. Mtu anayetaka kutazama kumbukumbu ya mwezi uliopita bila kuichafua ya leo atumie ile ya kwanza.

Kuhifadhi: Save Scan ni Ctrl+S. Kuna fomati mbili, XML na maandishi ya kawaida yenye kiambishi .nmap. Ile ya maandishi inasomeka vizuri kwa macho na unaweza kuiweka kwenye ripoti, lakini Zenmap haitaifungua tena. Mwaka mzima wa kumbukumbu uliohifadhiwa kwa .nmap hauwezi kulinganishwa kwa menyu hizi. Hifadhi XML kila mara. Kama dirisha lina skani nyingi, Save All Scans to Directory huziweka zote kwenye folda moja kwa mpigo. Jina la faili liwe na mahali, tarehe na ulipokuwa umechomeka kebo: ilemela-2025-03-10-swichi-ofisi.xml. Hiyo sehemu ya mwisho nitaieleza nikifika kwenye ramani.

Menyu ya Tools ina vitu vitatu, nami naiona ndiyo moyo wa programu yote. Search Scan Results, Ctrl+F, inatafuta ndani ya skani zako, hata zilizo kwenye folda. Filter Hosts, Ctrl+L, inachuja vifaa vinavyoonekana sasa hivi. Na Compare Results, Ctrl+D.

Hapo kwenye Ctrl+D tukae kidogo. Dirisha linafunguka likiwa na nafasi mbili, A Scan na B Scan. Kushoto weka ya zamani, kulia weka mpya. Kama skani haipo kwenye orodha, bofya Open ulitafute faili lako la XML. Kinachofuata ni mistari: yenye alama ya kutoa, nyekundu, ilikuwepo ikaondoka, yenye alama ya kujumlisha, kijani, haikuwepo ikaja. Tuseme chini ya 192.168.10.47, ambayo ni kamera ya lango la mapokezi ya samaki, unaona +23/tcp open telnet. Wiki iliyopita kamera hiyo haikuwa na telnet, njia ya zamani isiyo salama ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali. Ama mtu ameiwasha, ama kamera imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani baada ya umeme kukatika, na nywila yake nayo imerudi ileile iliyochapwa kwenye boksi. Mstari mmoja, na umepata kazi ya asubuhi nzima.

Lakini ulinganisho huo hudanganya kwa njia tatu. Kwanza, ukilinganisha Quick scan ya poti 100 na Intense ya poti 1,000, utaona “poti mpya” ambazo zilikuwepo siku zote, hazikupimwa tu. Linganisha profaili na profaili yake. Pili, DHCP, huduma inayovipa vifaa anwani, ikizigawa upya, kompyuta ya mhasibu inaonekana imegeuka printa. Vifaa visivyohama, kama mizani, kamera na vidhibiti, viwekee anwani ya kudumu kwenye rauta. Tatu, simu za siku hizi hubuni anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, kwa kila mtandao wa Wi-Fi, hivyo usiisake simu kwa MAC.

Kwetu huku ulinganisho una faida nyingine. Ziwa letu lina radi nyingi, hasa usiku. Asubuhi baada ya dhoruba, Ping scan moja ikilinganishwa na ya jana inakuonyesha kwa dakika chache ni vifaa gani havijaamka. Vitano vikiwa vimetoweka pamoja, na vyote viko kwenye swichi moja, huna haja ya kuzunguka na ngazi kukagua kamera. Nenda kwenye swichi.

Sasa ramani, kichupo cha Topology. Katikati ni kompyuta yako, na kila duara la nje ni hatua moja zaidi ya rauta. Kifaa kikiwa cha kijani kina poti wazi chini ya 3, njano ni 3 hadi 6, nyekundu ni zaidi ya 6, na nyeupe hakijapimwa poti. Mstari ukiwa mnene, majibu yanachelewa. Mistari myeusi ya vipandevipande inayorundikana katikati maana yake hakuna taarifa za njia: uliruka --traceroute.

Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na ofisi nyingi zimeunganishwa kwa antena za redio, kilima kwa kilima. Fundi mgeni hutarajia kuuona huo mkono wa redio kwenye ramani. Hatauona. Antena zikiwa zimewekwa kama daraja, pamoja na swichi za kawaida, hazihesabiki kuwa hatua, kwa sababu traceroute huhesabu rauta tu. Tawi lililo ng'ambo ya kilima litaonekana kwenye duara la kwanza kama vile liko chumba cha pili, na antena zenyewe zitaonekana kama vifaa vya kawaida kupitia anwani zao za usimamizi. Kebo na redio zichore mwenyewe kwenye karatasi.

Ukibofya kifaa kingine, kinahamia katikati. Picha imegeuka, lakini vipimo vyote bado vimetoka pale ulipochomeka. Ndiyo maana nilisema jina la faili litaje swichi. Nyuma ya faiwoli dunia ni nyingine, na hata anwani za MAC huzipati ukivuka rauta. Ramani ya kumpa mwenye kiwanda itoe kwa Save Graphic. Chagua PDF au SVG, maana herufi hazivurugiki akikuza.

Menyu ya Help nitaipita. F1 inafungua mwongozo.

Swali kutoka nyuma: mwanafunzi anasema ameskani Wi-Fi ya hosteli kwa kibali, akaona rauta na kompyuta yake tu, na anajua humo ndani kuna simu nyingi. Zenmap yako ni nzima. Aksesi pointi nyingi za umma huwashwa kipengele cha kutenganisha wateja, kila kifaa kinaruhusiwa kuongea na rauta pekee, na hata ombi la ARP la Ping scan, lile la kuuliza nani ana anwani fulani, halifiki kwa jirani. Kuongeza -Pn, yaani kuruka hatua ya kuuliza nani yupo, hakutasaidia. Omba uchomeke kebo upande wa usimamizi, au usome orodha ya wateja ndani ya aksesi pointi yenyewe, kisha hifadhi skani hizo mbili kwa majina mawili tofauti.