Salamu ya Kulia na Kushoto

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye.

Nianze kwa kuomba radhi. Waandaaji walinipangia nizungumze nanyi saa mbili asubuhi kuhusu kuishi na ugonjwa wangu wa mgongo, nikawaomba wasogeze hadi saa nne. Wapo walionung'unika hapo nje, nimewasikia. Lakini, ndugu zangu, saa mbili mimi bado nilikuwa napigana na suruali. Naamka saa kumi na moja alfajiri, na mpaka mgongo ukubali kukunjika ni saa mbili na ushei. Unakuwa kama mlango wa mbao ulionyeshewa mvua: unausukuma, haufunguki, ukiusukuma kwa nguvu unalia.

Ugonjwa huu madaktari wanauita ankailosingi spondilaitisi. Uko katika ukoo wa baridi yabisi, ila haufanani na magoti ya wazee yaliyochakaa. Kinga ya mwili, mlinzi wetu wenyewe, inageuka na kuwasha moto pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. Moto ule mara nyingi hupanda juu, pingili baada ya pingili. Mwili ukijaribu kuziba palipoungua unaotesha mfupa, na kwa baadhi yetu pingili huishia kushikana. Kwenye picha ya eksirei mgongo wa namna hiyo unaonekana kama mwanzi. Kwa kawaida huanza ujanani, mara nyingi kabla ya miaka 45. Mimi ulinikuta na miaka 23, mwalimu mpya, chaki mkononi.

Kinachotutesa zaidi ni kwamba ugonjwa wenyewe unatuumbua. Ukipumzika unauma, ukifanya kazi unalegea. Sasa utamwelezaje mtu? Chukueni kijana wa pale Kibirizi anayeshinda ndani amejikunja, kisha usiku anakwenda ziwani kuvuta nyavu za dagaa na anavuta vizuri tu. Mama yake atasema nini? Atasema, "Huyu mvivu, mbona akiwa na wenzake anapona?" Nami niliambiwa hivyo hivyo, na watu wanaonipenda.

Tena maumivu yake yanapenda nusu ya pili ya usiku. Mimi nilikuwa naamka saa tisa, natoka uani, nazunguka nyumba mpaka kiuno kilegee ndipo nirudi kulala. Mnacheka, mmeshajua ninakokwenda. Mtu anazunguka nyumba saa tisa ya usiku, peke yake, hana tochi, na hapa ni Kigoma! Jirani alivumilia wiki mbili. Ya tatu wakaja vijana wa ulinzi wa mtaa na rungu, wakaniuliza nawanga nyumba ya nani. Mke wangu ndiye aliyeniokoa, alitoka na khanga moja akawaambia, "Huyo mgongo wake umekaza, mwacheni atembee." Kuanzia hapo tukakubaliana: nitembee na taa ya chemli imewashwa.

Na kijana akisema kiuno kinamuuma, mtaani jibu liko tayari: ngiri. Nimekunywa mizizi ya ngiri hadi meno yakabadilika rangi. Nimechanjwa chale. Nimeumikwa. Na yupo mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyenilaza kifudifudi akamwambia mjukuu wake anikanyage mgongoni. Hilo nawasihi msifanye. Mgongo ulioshikana hauna mchezo wa kunesa. Ni mgumu lakini unavunjika upesi, hata kwa anguko dogo. Aliyekwisha kukaza akianguka na bodaboda na shingo ikaanza kuuma upya, asikandwe. Alazwe, apigwe picha.

Hospitalini nako nilizunguka miaka saba, na sitataja ni wapi. Sina kinyongo kikubwa. Huku kwetu daktari akiona mgongo unaouma miezi na miezi lazima awaze kifua kikuu cha mgongo, na kwa wanaokunywa maziwa mabichi lazima awaze bruselosisi, maradhi yatokayo kwa mifugo, ambayo nayo hupenda kukaa palepale kwenye nyonga. Ni sawa kuyatafuta hayo kwanza. Kosa ni kuyakosa halafu kumwambia mgonjwa hana kitu. Eksirei ya miaka ya mwanzo inaweza kutoka safi kabisa. Na kipo kipimo cha damu kinachotafuta kijeni kiitwacho HLA-B27, ambacho watafiti wa London na Los Angeles walikihusisha na ugonjwa huu mwaka 1973. Wazungu wengi wenye ugonjwa wanacho. Kwetu Waafrika ni adimu, na wagonjwa wengi hawana. Kwa hiyo ukiambiwa "huna kijeni" usifunge jalada.

Sasa nije kwenye maisha yenyewe, maana ndiyo niliyoitiwa.

Siku moja, Dar es Salaam, daktari alinipa karatasi yenye maswali 10. Ilitungwa Bath, Uingereza, ikachapishwa 1994, na inatumika dunia nzima kupima mgonjwa anaweza nini. Swali la kwanza: unaweza kuvaa soksi bila msaada? Nikamwangalia. Daktari, mimi ni mtu wa Ujiji, navaa kandambili! Lingine: unaweza kupanda ngazi 12 hadi 15 bila kushika reli? Nyumba yangu haina ngazi hata moja. Nikapata alama nzuri kuliko hali yangu, karatasi ikasema naendelea vizuri.

Sikusema karatasi ni mbaya. Aliyeitunga aliuliza maisha aliyoyaona. Lakini lilikuwemo swali moja lililonichoma: unaweza kutazama nyuma ya bega lako bila kugeuza mwili? Hapo nikakumbuka msikitini. Mwisho wa swala tunatoa salamu kulia, kisha kushoto. Shingo yangu haikuwa inageuka. Nilikuwa nageuza kifua kizima kama mtu aliyevaa pipa, nikimgonga jirani yangu wa safu kwa bega. Imamu aliniambia, "Mwalimu, sali kwenye kiti, dini haina dhiki." Alikuwa na haki. Lakini ile siku ya kwanza nilipokaa kwenye kiti nyuma, na miaka yangu 34, pamoja na wazee wa fimbo, nilirudi nyumbani sikula. Hakuna karatasi iliyoniuliza hilo.

Basi nikatunga maswali yangu. Unaweza kuchuchumaa chooni na kuinuka bila kushika ukuta? Kuingia mtumbwini? Kupakia ndoo ya mawese? Kukaa kwenye treni ya Dar bila kusimama kila kituo? Umelala na mwenzako bila kumkimbia kwa maumivu? Mkaniulizie kwa nini wake zetu hawaalikwi kliniki.

Yanayonisaidia ni haya. Nalala kifudifudi kwenye mkeka robo saa kila jioni, na mto wangu ni mwembamba. Navuta pumzi ndefu mpaka mbavu zitanuke, kwa sababu mbavu nazo zinakaza. Naupima mtanuko kwa tepu ya fundi cherehani, na ulipokuwa sentimita 2 nilijua nimezembea. Naogelea, ila ulizeni wenyeji habari za mamba kwanza. Sigara niliacha, ndugu zetu wa Urambo wanaolima tumbaku wanisamehe, lakini wavutaji migongo yao huharibika upesi zaidi. Diklofenaki, dawa ya maumivu, inasaidia kweli, ila meza na chakula na kwa maelekezo ya daktari, maana inatoboa tumbo na kuchosha figo. Zipo sindano mpya zinazozuia moto wenyewe. Bei yake inatisha, na kabla ya kuchomwa lazima upimwe kifua kikuu, maana zinaweza kukiamsha kilicholala.

Na jicho. Kama robo yetu au zaidi tunapata uvimbe ndani ya jicho: jekundu, linauma, halitaki mwanga. Wavuvi mtasema ni taa za usiku, kinamama mtasema moshi wa dagaa. Likiwa ni la mgonjwa wa mgongo, usinunue dawa ya matone dukani. Nenda hospitalini siku hiyohiyo.

Nilikuwa na mengine, lakini lile swali la Bath la kusimama dakika 10 bila kuegemea, leo nimelipita mara tatu na mgongo umeanza kudai. Mwenyekiti, maswali nitayajibu nikitembea. Anayetaka kuuliza anifuate, nakwenda mpaka kwenye mwembe ule na kurudi.