Wamenyaji Tisini, Sufuria Moja

Ndugu zangu, asanteni kwa kuivumilia foleni ya Wandegeya, hapa Kampala, hadi mkafika. Leo tunazungumzia kompyuta nyingi zinazogawana kazi moja.

Kabla ya kompyuta zenyewe, tuanze na matoke. Kesho kuna harusi. Mtu mmoja akiyamenya peke yake atatumia masaa 9, halafu yafungwe kwa majani ya mgomba, yakae motoni lisaa 1. Jumla 10. Sasa ita majirani, muwe wamenyaji 9. Kumenya lisaa 1, moto lisaa 1. Watu wameongezeka mara 9, kazi imeharakishwa mara 5 tu. Leteni 90: kumenya kutakwisha kwa dakika 6, lakini moto hauna habari na wingi wenu. Hata kije kijiji kizima, mara 10 hamuifikii. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alilieleza jambo hili mwaka 1967, bila matoke, maskini. Na hapo sijahesabu kugombania visu, wala maongezi! Kwenye kompyuta, maongezi ni ujumbe unaopita kwenye nyaya, na mifumo mingi hufia hapo.

Kwa hiyo anayebuni mfumo wa kazi maalumu huanza kwa kuitazama sufuria, yaani ile sehemu ya kazi isiyogawanyika. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa sataranji Garry Kasparov mwaka 1997, ilikuwa na chipu 480 zilizotengenezwa kwa sataranji tupu. Mishahara ya walimu zisingeweza kuipiga hesabu. Kwa sekunde moja mfumo ulipima kama hali milioni 200 za ubao. Siri yake? Kila chipu ilipewa ncha za matawi ya mchezo, yaani mwisho wa mifuatano ya hatua zinazowezekana, ikazichambua kimyakimya, ikarudisha jibu fupi. Kugawa matawi yenyewe ndiko kulikokuwa kugumu, maana anachokigundua mmoja huwaonyesha wenzake matawi ya kuachana nayo.

Na kupima je? Mtu akisema mfumo wake una kasi mara 50, muulize: mara 50 ya nini? Wengi huchukua programu yao ileile ya kompyuta nyingi, wakaiendesha kwenye moja, ikajikokota na mizigo isiyoihitaji. Huo ni ujanja. Linganisha na programu bora kabisa ya mashine moja, kwa kazi halisi, tangu data inapopakiwa.

Mimi nikiitwa kukagua, huchomoa waya wa mashine moja katikati ya kazi, nikamtazama usoni aliyeujenga mfumo, nione kama kazi itaendelea. Umeme wa hapa kwetu haupigi hodi. Haya, maswali?