Vimeng'enya havifi kwa joto, vinapoteza umbo

Haya jamani, tuanze. Kuna kitu kimoja nataka leo tukiweke sawa maana nakisikia kila mara, mtu anasema joto limeua vimeng'enya, yani vile vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya viumbe. Haviuliwi, kwa sababu havijawahi kuwa hai. Karibu vyote ni protini, yani mnyororo mrefu wa amino asidi uliojikunja ukapata umbo, na kwenye hilo umbo kuna kishimo, kazi yote inafanyika hapo. Mwaka 1897 mwanakemia Eduard Buchner kule Ujerumani alisaga hamira pamoja na mchanga mpaka seli zikapasuka, akakamua maji yake, akatia sukari ili yasiharibike, kumbe yakaanza kuchachuka yenyewe! Bila seli hai, vimeng'enya vilivyokuwemo ndo vilifanya kazi. Mi hiyo habari inanisisimua mpaka leo.

Kila mmenyuko, yani badiliko la kikemia, unahitaji nishati ya kuuanzisha, kimeng'enya kinaipunguza. Kinaidaka molekuli, kinaibana panapotakiwa, kinaiachia ikiwa imeshabadilika, chenyewe kiko vilevile kinadaka nyingine, na katalesi inayovunja haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni inaweza kumaliza mamilioni kwa sekunde moja. Mwanakemia Emil Fischer mwaka 1894 alifananisha kimeng'enya na molekuli yake na kufuli na ufunguo, lakini mwanasayansi Daniel Koshland mwaka 1958 akasema hapana, kishimo kinajirekebisha kikishika, na mi naona huyu ndo anatusaidia zaidi, maana inaonyesha umbo halijakakamaa.

Sasa joto. Ukilipandisha, molekuli zinakimbia, zinagongana zaidi, kazi inaenda kasi, ukizidisha vile vifungo dhaifu vinavyoshikilia mikunjo vinaachia, mnyororo unakunjuka na kishimo hakipo tena. Angalia ute wa yai, nao una protini, ukiiva unakuwa mweupe na ukiupoza haurudi. Baridi ni habari nyingine kabisa, inapunguza mwendo tu, rudisha joto na kazi inaendelea. Na msikariri kwamba nyuzi 37 ni ya wote! Hiyo ni ya miili yetu. Bakteria Thermus aquaticus, aliyepatikana kwenye chemchemi za moto za Yellowstone huko Marekani, ana kimeng'enya kinachonakili DNA vizuri tu kwenye nyuzi 72, ndo maana maabara zinakitumia kwenye PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi sana.

Asidi nayo inagusa umbo. Pepsini ya tumboni inataka pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) ya 2 hivi, tripsini ya utumbo mdogo inataka 8 hivi, ukizibadilishia sehemu, zote mbili hazifanyi kitu cha maana.

Ukiongeza molekuli za kufanyiwa kazi, kasi inapanda, alafu inagota, maana vishimo vyote vina shughuli.

Vizuizi, yani vitu vinavyozuia kimeng'enya kufanya kazi, ndo napenda zaidi. Vingine vinakalia kishimo kwa muda tu vinaondoka, ila aspirini inabandika kipande chake ndani ya kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza prostaglandini, kemikali za mwili zinazohusika na maumivu, na hakibanduki. Seli nyingi zitatengeneza kingine, lakini chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, hazina kiini chenye DNA, haziwezi, kwa hiyo zinabaki hivyo hivyo mpaka mwisho wa maisha yao, siku 7 mpaka 10 hivi, na ndo maana dozi ndogo tu inapunguza uwezo wa damu kuganda kwa siku kadhaa.