Deni la Maofisa wa Washington

Ndugu zangu, ikitajwa dhiki ya Valley Forge, kambi ya jeshi la Jenerali George Washington katika vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza, baridi ile ya 1777 kuingia 1778, tunamkumbuka askari asiye na viatu. Ni haki yake. Leo nawaomba tumtazame na ofisa wake.

Askari alipaswa kuvishwa na jeshi, hata kama nguo mara nyingi hazikufika. Ofisa alijinunulia sare mwenyewe, kwa mshahara wake. Pale Valley Forge maofisa vijana walialikwa chakula nyumbani kwa Steuben, ofisa kutoka Prussia aliyelifunza jeshi hilo, kwa sharti moja: asiingie mwenye suruali nzima. Walijaa! Wengine kwa mamia walijiuzulu, wakarudi kulisha watoto wao.

Kapteni wa jeshi la miguu aliwekewa dola 40 kwa mwezi, tena za karatasi. Kongresi, baraza lililoyaongoza majimbo yaliyopigania uhuru, haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, kwa hiyo ilichapa noti, ikachapa tena. Machi 1780 yenyewe ilikiri kwamba dola 40 za karatasi ni sawa na dola 1 ya sarafu ya fedha. Pigeni hesabu: jasho la mwezi mzima la kapteni, dola moja.

Mwaka huohuo maofisa waliahidiwa nusu mshahara maisha yao yote. Ahadi ikakaa. Kufikia Machi 1783, kambini Newburgh, jimbo la New York, ulisambazwa waraka usio na jina ukiwachochea wasiweke silaha chini mpaka walipwe. Washington akawakabili ana kwa ana. Alipotaka kuwasomea barua akatoa miwani, akawaomba radhi: ameota mvi katika utumishi, na sasa macho nayo yanamwishia. Baadhi yao walilia. Mimi siwaoni kama waasi. Walikuwa watu wanaodai haki yao.

Kongresi ikabadilisha ahadi: mshahara kamili wa miaka 5, kwa hati za deni. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Hati hailiwi. Mtu amefika nyumbani, shamba limeingia magugu, mkopeshaji yuko mlangoni. Akamuuzia mlanguzi hati yake kwa chini ya robo ya thamani. Mwaka 1790 serikali mpya ilipokubali kulipa deni, mbunge James Madison alisihi mwenye hati wa kwanza naye apate fungu lake. Bunge likakataa. Akalipwa aliyeishika hati siku ile.

Sheria ya kuwapa mshahara kamili wa maisha maofisa waliotumikia mpaka mwisho ilikuja Mei 1828. Hapo wengi wao walikwishazikwa.