Mbuyu Upi?

NEEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tulipanga mambo matatu kwa vijana wanaoanzisha kampuni za teknolojia. Kaka Mazengo kayachapa kabisa.

MAZENGO: Karatasi hii hapa. Lakini wewe tangu uingie naona una lako.

NEEMA: Ninalo! Jumanne gesi imekata, maharage yako jikoni. Nikajifanya wa kisasa, nikaagiza mtungi kwa programu moja, jina silitaji. Nikaminya mahali nilipo, kidoti kikatua juu ya paa langu kule Mkonze. Mara bodaboda anapiga: "Dada, nimefika, nipo hapa kwenye mbuyu."

MAZENGO: (anacheka) Mbuyu upi?

NEEMA: Si ndilo nililomuuliza! Ananijibu, "Huu mkubwa." Dodoma hii, kaka, uliona wapi mbuyu mdogo?

MAZENGO: Ungemwambia ampe mbuyu simu, mngeelewana.

NEEMA: Kwake kidoti kilikuwa ng'ambo ya korongo. Namwelekeza: rudi hadi kanisani, kata kushoto, utaona kibanda cha wakala. Kimya kidogo, halafu: "Dada, huku nako kuna mbuyu."

MAZENGO: Wa pili huo! Na maharage?

NEEMA: Niliyamalizia kwa mkaa wa jirani. Kinachoniudhi ni kwamba nyumba yangu ina kibao. Ile Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilitupa namba, mitaa ikapata majina, postikodi ipo, na programu ya serikali ya kutafutia anwani, NaPA, ipo. Hawa wa gesi waliniuliza namba ya nyumba? Wapi!

MAZENGO: Namba ni nzuri mchana. Usiku bodaboda atamulika geti kwa geti mpaka mbwa waamke? Mimi ndiyo maana nawapenda what3words. Kampuni ya London, imeanza 2013. Wameigawa dunia yote vipande vya mita 3 kwa 3, kila kipande kina maneno matatu, na hata Kiswahili kipo. Unamtajia kijana maneno matatu, anakuja mlangoni.

NEEMA: Au anakuja kwenye mbuyu, maana mbuyu nao una maneno yake matatu.

MAZENGO: Ule mkubwa una vipande kadhaa!

NEEMA: Subiri, tusicheke tukapitiliza. Yale maneno ni mali ya nani? Ya kampuni. Mwaka 2021 walimpelekea mtafiti mmoja wa usalama wa mitandao kule Marekani barua ya mawakili, kisa alitaka kuwagawia wenzake programu huria inayofanya kazi ileile. Anwani ya kwangu ilindwe na mawakili wa London? Hapana. Google wana Plus Codes, misimbo ya kuonyesha mahali, wameiachia wazi, yeyote anaitumia bila kulipa.

MAZENGO: Herufi na tarakimu na alama ya kujumlisha! Mtajie bodaboda hiyo akiwa barabarani, upepo unavuma, uone.

NEEMA: Ataandikiwa ujumbe.

MAZENGO: Simu ya vitufe, dada.

NEEMA: Sasa mwenye simu ya vitufe atayatafutia wapi hayo maneno matatu?

MAZENGO: ... Ninachosema ni kwamba mtu kabuni kitu kinachotamkika, acha apate riziki yake. Mtu wa kawaida halipi, wanaolipa ni makampuni.

NEEMA: Na siku kampuni ikifunga? Jumia, lile duka la mtandaoni, walifunga Tanzania Novemba 2019, na lilikuwa jina kubwa Afrika nzima. Duka likifungwa nahamia duka jingine. Anwani nitahamia wapi?

MAZENGO: Mbuyuni.

NEEMA: Sina utani, kaka.

MAZENGO: Nami sina. Kabla ya vibao tuliishi kwa mbuyu, kanisa na kwa Mama Fulani, na barua zilifika. Kinachotumika ndicho anwani.

NEEMA: Kinachotumika na watu wote, bila kumwomba mtu ruhusa.

MAZENGO: Hapo hatukubaliani.

NEEMA: Hatukubaliani kabisa.

MAZENGO: Haya, fundi ananionyesha kidole, imebaki dakika moja. Mambo yangu matatu je?

NEEMA: Wiki ijayo.

MAZENGO: Wiki ijayo tuna mgeni.

NEEMA: Basi mpe mgeni karatasi, asome yeye. Kwaherini jamani.